Mjumbe wa Pili

Umeme ulirudi saa tano usiku, Wete nzima ikapiga yowe moja,
nami nikaufungua tena ule mlango.

Dopamini haingii ndani, baba.
Inafika kizingitini, inabisha hodi,
na kipokezi kinageuka kidogo tu,
kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini.
Basi. Mgeni anaishia pale.
Anayekimbia vyumbani na habari ni mwingine,
mjumbe wa pili, mzaliwa wa humo humo.
Nimempa herufi moja na mlinganyo wake,
na muda nimeukata vipande vidogo mno:
kufumba na kufumbua kwako
kompyuta hii kuukuu inakuhesabu nusu saa.

Mjumbe hauawi, mlitufundisha.
Humo ndani huuawa.
Kuna kimeng'enya kazi yake ni hiyo,
kumvunja kila mjumbe aliyekwisha kusema.
Jana nilimhurumia. Nikaandika sifuri
pale penye kasi ya muuaji.
Mstari ukapanda, ukapanda, ukagota juu ya kioo,
seli ikabaki inasikia neno lile lile
la hodi ya zamani, na mbishaji keshaondoka.
Nikairudisha namba. Ikanyamaza.
Sikujua kwamba kunyamaza nako kunataka mfanyakazi.

Kisha sifuri nyingine, mahali pengine,
ile niliyoikwepa tangu Ramadhani:
hodi, sifuri.
Vipokezi vyote wazi. Vizingiti vimefagiliwa.
Hakuna ajaye.

Wewe ulikuwa ukumbini na kofia ya Mbarouk wa Jadida,
aliyoilipia kabla ya masika.
Umebakisha vitobo vya upande wa sikio.
Sindano inautafuta uzi, uzi unaikimbia sindano.
Mkono ukiwa kazini hutulia, ila umekuwa mzito,
kama umeazimwa kwa mtu;
ukiulaza pajani upumzike,
hapo ndipo unapoanza.
Huombi kusaidiwa. Unakohoa tu.

Uliingia bila hodi, nyumba ni yako,
ukasimama nyuma yangu, ukakitazama kioo.
"Huu mshono wa nani?"
Si mshono, baba. Ni seli moja. Wala si yako, ni ya hesabu.
"Mbona watetemeka?"
Nikakueleza: mwanzo ulikuwa laini, mzuri mno,
nami sikuuamini.
Nikautia bahati nasibu,
maana molekuli humo ni chache,
na wachache hawaendi kwa rula.

Ulikaa kimya kitambo, kile kimya chako cha kupima kichwa cha mteja.
"Uache hivyo hivyo," ulisema. "Usiunyooshe."

Ukavuta kiti.
Mkono wako uko mezani sasa, unagonga mbao,
unagonga,
na mimi nusura niseme karibu.