Kimya Hakiandikwi

Miaka ishirini na mmoja niliketi chini ya kiti cha Spika,
mwandishi wa kumbukumbu za Bunge la Velesnia.
Kazi yangu maneno. Makofi tuliyatia kwenye mabano,
vicheko vilevile.
Kimya hakiandikwi.

Jadviga Morlenc aliingia siku ya theluji
na viatu vya kazi vikidondosha maji juu ya zulia.
Binti wa mlinda geti la reli, kule Ostrove:
tangu utotoni alijua kwamba treni ikipita
hata mwenye haraka husubiri.
Hotuba yake ya kwanza ilihusu choo cha stesheni.
(Vicheko, viti vya mbele.)
Akavingoja vipite, kama angojaye behewa la mwisho,
akaendelea palepale alipokatizwa.

Nilimwogopa. Aliwahi kunirudishia ukurasa mzima
kwa ajili ya koma moja.
*Hapa sikupumua*, aliandika pembeni.

Uchukuzi. Kisha Fedha. Kisha ile baridi
mkate ulipopanda bei mara tatu kabla ya Noeli
na wakubwa wa chama chake, mmoja baada ya mwingine,
wakakumbuka ghafla kuwa wana wajukuu.
Uwaziri mkuu ukabaki mezani,
mfupa uliokwisha gugunwa.
Akauchukua, akaupikia supu,
na supu ile, nakiri, tuliinywa sote.

Walimwita mama walipotaka fedha,
yule mwanamke walipozikosa.
Magazeti yalipima koti lake, si bajeti.
Mheshimiwa Kunej akasimama kuuliza
nani basi humpikia mumewe.
"Ana mikono miwili, mheshimiwa.
Kwa bahati mbaya ndiyo iliyokupigia kura."
(Makofi, pande zote.)

Mwaka wa saba ikaletwa orodha:
njia za reli kumi na moja zisizojilipa.
Angeweza kumwachia waziri. Alisoma mwenyewe,
jina kwa jina, sauti kavu kama risiti.
Baada ya la nane akanyamaza.
Saa ya ukutani, iliyosazwa na wafalme,
iligonga ta, ta, ta, nikahesabu kumi na nne.
Niliinua kalamu. Nikaishusha.
"Ostrove," akasema. Kisha la kumi. Kisha la mwisho.

Baba yake alikuwa hai bado.

Uchaguzi uliofuata alishindwa kwa kura elfu sita.
Aliondoka kwa mlango wa pembeni
na boksi moja, na mche wa jereniamu uliohitaji maji.
Wako wanaosema alikuwa na moyo wa chuma cha pua.
Mimi sisemi. Mimi nilikuwa naandika.

Jana, mstaafu mwenye miwani miwili,
niliomba juzuu ile maktabani.
Kati ya jina la nane na la tisa
ipo koma. Yangu. Nyembamba kama kucha ya mtoto.
Hapo alipumua.
Nikatoa penseli.
Mkutubi akakohoa,
nikairudisha mfukoni.