Dodoso la Arubaini na Saba

Konde, saa tisa kasoro. Jua limenikalia utosini.
Chuo kimenituma na faili la dodoso na kalamu mbili,
moja haiandiki.
Nahesabu wanawake wanaocheza.

Mkasi binti Shaame. Umri?
"Tia thalathini na kitu. Nilizaliwa mwaka karafuu zilipofurika,
mama hakuwa na nafasi ya kutazama kalenda."
Watoto wanne, na mmoja aliyetangulia.
Kazi: mwani, maji, makuti, kuchambua karafuu za watu.
Kisanduku cha kazi kina mstari mmoja tu.
Nikaandika herufi za sisimizi, zikafurika mpaka ukingoni.

Swali la tisa:
Umewahi kushiriki mchezo wowote?

Akacheka, akipangusa unga wa muhogo viganjani.
"Miye? Na mwili huu?
Mchezo uko kule kiwanjani, kwa wenye viatu.
Hata siku ya mchezo wa ng'ombe sisi huimba tu,
ng'ombe mwenyewe hatujui."

Ndiyo, andika moja. La, andika sifuri.
Nikaandika sifuri. Duara safi, halina pa kuingilia.

Ikaadhiniwa alasiri. Akaswali.
Nami bado na kikombe chake cha maji mkononi,
wakapita wasichana na mpira wa soksi
uliokazwa kwa uzi wa nyavu:
"Mama Kombo, nage!"

Akajifunga kanga kiunoni, mafundo mawili.

Nyuma ya skuli, baina ya ukuta na vyoo,
pana uchochoro wa hatua kumi na mbili. Nimeupima.
Kiwanja kina wenyewe.

Time huku, Bikombo kule,
mpira unakwenda na kurudi kama jiwe la kombeo,
na Mkasi kati.
Mwili ule ule wa "na mwili huu"
unajikunja, unaruka, unapinda ubavu,
mpira unapenya baina ya kwapa na kanga
usiguse hata uzi.
Ishirini na nane.
Ishirini na tisa.
Wanawake kumi na saba ukutani, mmoja ananyonyesha,
wanahesabu kwa kinywa kimoja.

Akapita Mwalimu Faki wa michezo, filimbi shingoni,
anawahi vijana wake.
Nikamuuliza, kwa kuwa naye yumo katika orodha yangu:
wanawake wangapi wanacheza katika shehia hii?
"Hakuna," akasema. "Tumewahamasisha, hawataki."
Alisema mgongo wake ukiwa umeelekea uchochoroni,
na nyuma yake watu wakapiga kelele: thelathini na sita!
Hakugeuka. Pengine alidhani ni mnada.

Kwenye arubaini na moja mpira ukamnasa kifundoni.
Akaketi, anahema, anacheka, jasho linamtona kidevuni.
Nikaliona kovu, refu, limepanda mpaka muundi.
"Hili? Niliangukia kigae, nina mimba ya Kombo, miezi minne.
Mume wangu nilimwambia ni jembe."

Bi Mkasi, nikasema, mbona uliniambia huchezi?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama hupumua.
"Wee mwana. Sichezi.
Nachezacheza tu."

Usiku, chumba cha kupanga, koroboi, mbu.
Msimamizi wangu alituapisha:
jibu la mhojiwa ni amana, lisiguswe.
Sikuligusa. Sifuri imekaa pale pale, imetulia,
kesho itajumlishwa na sifuri wenzake
na asilimia itatoka, na chati yenye rangi,
na Mwalimu Faki ataonekana mkweli.

Ila nilichukua ile kalamu isiyoandika,
nikaandika pembeni: 41.
Nilikandamiza.
Kwa macho huoni kitu. Pitisha kidole.

Hata karatasi ya chini yake,
dodoso la arubaini na nane, lisilo na jina bado,
lina kovu.