Herufi Moja

Saa nane na dakika kumi za usiku, Dundee,
mvua ile isiyonyesha wala isiyokoma.
Nimeegesha Nethergate, mbele ya kilabu,
kipasha joto kikinipulizia miguuni.

Wakaja wawili. Au niseme
alikuja mmoja, mwingine akaletwa:
kiatu kimoja mguuni,
cha pili mkononi mwa kijana,
kakishika kama risiti.

"Perth Road," akasema kijana. "Kwangu."
Nikamtafuta binti kwenye kioo.
"Na wewe, dada, unakwenda wapi?"
"Yuko na mimi."
"Nimemuuliza yeye."

Akafungua jicho moja,
akatabasamu, kwa nani sijui,
labda kwa taa za barabarani.
"Ndiyo," akasema.
"Ndiyo nini?"
"Ndiyo,"
na kichwa kikagonga dirisha.

Kijana akacheka: "Umesikia mwenyewe."

Nilisikia.
Kwa lugha niliyonyonya,
kulewa na kuelewa ni ndugu wa kuchanganywa,
herufi moja tu ndiyo inayowatenga,
ka-e kadogo, ukiandika haraka kanadondoka.
Usiku huu kamedondoka
mahali fulani kati ya kaunta na kiti changu cha nyuma,
na huyu kijana hakatafuti.

"Anaitwa nani?"
Kifuta-kioo kikaenda, kikarudi.
"Jina lake linaanza na A," akasema. "Au E."

Simu yangu ilijua. Rafiki yake ndiye aliyeita gari,
akaandika Eilidh, jina ambalo mwaka wa sita huu
bado linanipiga chenga mdomoni,
akaandika na bweni, na mtaa, na neno "tafadhali."
Nikafuata simu.

Kwenye taa za kwanza kijana alishuka.
Alinitukana, akaitukana na nchi niliyotoka
(aliitaja siyo).
Kiatu akaondoka nacho.

Bwenini mlinzi wa zamu, Bi Morag,
alitoka na blanketi na ndoo,
vyote viwili kwa mkupuo, kwa mazoea.
"Peke yake?" akauliza.
"Peke yake."
Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Najua mngependa kunisifu hapa.
Subirini.

Morogoro, miaka kumi na tisa iliyopita,
usiku wa kumaliza mitihani ya chuo,
konyagi kwenye vikombe vya chai,
chumba cha mtu aliyesafiri.
Generosa hakusema hapana.
Hakusema kitu.
Mimi pia nilikuwa nimekunywa,
ila mlango niliweza kuufunga,
na ufunguo niliujua unazungukia wapi.
Nilikuwa nimefunzwa kwamba kunyamaza ni kukubali;
nikaivaa methali ile kama kanzu iliyopigwa pasi,
nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi alinisalimia.
Wiki iliyofuata alivuka barabara aliponiona.
Nikawaambia wenzangu: wanawake, nani awaelewe.
Walicheka.
Nilicheka.

Sijui yeye angeuitaje usiku ule.
Hilo ndilo swali la pili ambalo sikumuuliza.

Alfajiri nilisimamisha gari kando ya mto Tay,
nikaingiza mkono chini ya kiti cha nyuma.
Pini ya nywele. Peni ishirini. Tiketi ya koti ya kilabu.
Nikapekua tena, kwa tochi ya simu,
mzee mzima nimepiga magoti kwenye lami yenye maji,
natafuta nini, angeniuliza mtu, ningejibu nini.

Redio ikakwaruza. Shona wa ofisini:
"Gari kumi na mbili, uko huru?"

Nilinyamaza.

Akanitumia abiria.