Kitako cha Sahani

Mume wangu Asger haitazami sahani usoni.
Huipindua kwanza, kama mkunga na mtoto mchanga,
akitafuta kitakoni ile chapa: herufi mbili na samaki,
iliyogandamizwa udongo ungali mbichi
mwaka wa hamsini na sita, hamsini na saba,
kisiwani Bornholm, kabla tanuri la Ragnhild halijazimwa.

Tunaishi Aarhus, ghorofa ya tatu, hakuna lifti.
Kila Jumamosi hurudi kutoka soko la mitumba
amekumbatia kitu ndani ya gazeti.
Haba na haba. Kibaba kilijaa zamani,
sasa kinafurikia sebule na chumba cha wageni,
na uvungu wa kitanda, ambako bakuli za kijivu
hulala ndani ya soksi zake za sufu
huku miguu yake ikipigwa na baridi.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
basi daftari analo: bei, tarehe, kasoro.
Nami nimejifunza lugha yake.
Kijani hiki ni majivu ya mwaloni yaliyoyeyuka.
Doa hili la kahawia si uchafu,
ni chuma kilichokuwa kikitafuta hewa.
Ufa mmoja kama unywele, kutoka ukingoni,
hupunguza kroni mia nne.
Nyufa nyingi kama utando wa buibui hazipunguzi kitu;
hizo, anasema, ni umri.
(Ninazo, kandokando ya macho. Hajanipindua bado.)

Kwenye mazishi ya dada yake
alipindua kisahani cha keki, makombo yakamwagika
mapajani pa kasisi.
"Ya kiwandani," akaninong'oneza,
kwa huzuni ambayo watu waliielewa vingine.

Sahani kubwa zilifinyangwa kumi na mbili.
Anazo kumi na moja,
na hakuna hata moja tuliyowahi kulia chakula.
Sisi hula kwenye plastiki nyeupe isiyovunjika.

Mwezi Mei tukavuka bahari. Ragnhild yu hai,
miaka tisini na mitatu,
vidole vimejikunja kama tangawizi.
Alitukaribisha jikoni, akatenga mkate mweusi,
akajipakulia heringi na vitunguu.
Asger hakuiona heringi.
Chini ya vitunguu, chini ya siki,
ilikuwa ile ya kumi na mbili:
imevunjika mara tatu, imeungwa kwa gundi ya manjano,
na pembeni pengo kama la jino.

Mfinyanzi hulia gaeni, hunena wahenga,
na neno lile lina milango miwili.
Nikamchungulia bibi: yeye alikuwa anakula tu.
Aliyekuwa analia ni wangu.

"Nzuri niliziuza," Ragnhild alisema, akimsogezea leso.
"Zako zinashika moto?
Nilizinenepesha kitako kusudi, viazi visipoe.
Majira ya baridi huku ni marefu."

Asger, ajuaye kila kitako, hakuwa na jibu.
Njia nzima ya kurudi, melini,
alitazama mikono yake, kiganja, mgongo, kiganja.

Jumapili sikuomba ruhusa.
Niliteremsha moja, nikaiosha vumbi,
nikaipasha kwa maji ya moto,
nikaweka viazi na siagi na bizari kidogo.
Alikaa wima. Kisu kilipokwaruza
alifumba macho kama mtu anayenyolewa shingo.
Kisha akala.

Viazi vilibaki na moto
mpaka taarifa ya habari ikaisha.

Nimeirudisha kabatini. Ina mkwaruzo sasa,
mfupi kama kope.
Usiku nilifungua daftari: ameshauandika,
kwa penseli, kwenye safu ya kasoro.
Tarehe. Halafu neno moja,
viazi,
na mahali pa bei, mstari.