Kombe la Pumba

Daftari la zizi la Kumagai lina jalada la ngozi ya farasi.
Bibi Ine hakuniambia ni farasi yupi, nami sikuuliza.
Hidaka, theluji ikifika kiunoni,
kuna mambo husubiri machipuko.

Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wa babu Torazo,
wino umefifia hadi rangi ya chai:
Jike mmoja, kahawia, mguu wa nyuma una soksi nyeupe.
Nimemnunua kwa shamba la mpunga la mke wangu.
Chini yake, mwandiko mwingine, mdogo, mkali:
Hakuniuliza.

Jike huyo ndiye Oborozuki, mama wa wote.
Alizaa tisa. Watatu walipelekwa vitani na mizigo mgongoni;
daftari halisemi zaidi,
ila mistari mitatu imeachwa wazi
kama vitanda vilivyotandikwa.

Kisha, wa nane, Hatsushimo.
Alizaliwa usiku wa baridi ya kupasua ndoo,
miguu mirefu kuliko akili, alivyosema baba.
Kwa telki alikuwa kichekesho.
Shoti ndiyo iliyokuwa lugha yake.
Kyoto, vuli ile, aliwaacha kumi na saba nyuma,
mtangazaji wa redio akaishiwa maneno
akaanza kueleza rangi ya mawingu.
Sisi jikoni, roho mkononi,
Bibi anamenya viazi.
Hakuacha kumenya.

Kombe likaja kwa garimoshi, la fedha, limevikwa hariri.
Wageni walipokwisha kuondoka
Bibi akalipeleka bandani, akachota nalo pumba.
"Angalau lina mpini," akasema.
Miaka ishirini na sita likachota pumba.
Likala teke la mdogo wake Hatsushimo,
mama huyohuyo, baba huyohuyo,
ambaye hakuwahi kushinda hata kivuli chake;
likabonyea ubavuni
kama shavu la mzee asiye na meno.

Bingwa, daftarini, ana mstari mmoja siku ile:
Ameshinda. Anakohoa.
Mdogo wake ana kurasa nne. Anapenda karoti zenye udongo.
Anaogopa miavuli. Mtoto akilia
humwekea kidevu begani, akatulia naye.
Mtoto huyo ni mimi.

Benki ilipokuja, ilikuja na mizani.
Mnadani, kijana wa glavu nyeupe aligeuza kombe,
akalinusa, akakunja uso.
"Limebonyea. Na ndani lina harufu."
Bei ikashuka. Ikashuka tena.
Nikainua mkono.

Sasa liko Sapporo, ghorofa ya sita, juu ya friji.
Siku za mvua huliteremsha, nikaingiza pua.
Damu njema haipotei, watu husema.
Sijui mimi.
Nasikia pumba, nasikia jasho na chuma baridi,
nasikia mtu akimenya viazi.