Sema Neno

Saa tatu kasoro robo nafungua duka la dawa.
Hapa Greenock mvua huwahi kazini kabla yangu.
Wa kwanza ni Shug. Huwa wa kwanza.
Alichomelea meli, kabla karakana hazijafungwa
na nyasi kuota katikati ya reli;
mpaka leo hunyoosha mkono kama apokeaye nyundo.
Nampimia methadoni yake, mililita sitini,
kijani, rangi ya sabuni ya vyombo, tamu ya kukera.

Anakunywa. Nampa maji.
Kisha kanuni yataka aseme neno,
nijue kinywa ki tupu,
hakuna kilichofichwa chini ya ulimi
kwenda kutemwa uchochoroni na kuuzwa.
Sema neno, Shug.
"Mvua."
Miaka sita: "Mvua."
Siku moja jua lilitoka. Akatazama dirishani,
akafikiri,
akasema, "Itanyesha."

Bibi Galbraith alifundisha hesabu. Yeye hutaja idadi:
mia nne na kumi. Mia nne na kumi na moja.
Asubuhi moja akasema, "Moja,"
nami sikumuuliza. Nilimwongezea maji.

Struan ana miaka kumi na tisa na kofia ya koti usoni.
Husema "asante" upesi, kama mtu anayeiba.
Alhamisi jioni huenda ukumbi wa mtaa
kuwaonyesha vijana, kwa mwanasesere wa plastiki,
namna ya kumlaza aliyezidiwa, kumpulizia naloksoni puani,
kuita gari la wagonjwa na kutokimbia.
Hawaambii wasijaribu.
"Mimi niliambiwa," asema, "kwa mabango, kwa filamu, kwa polisi.
Hakuna aliyewahi kuniuliza nimelala wapi."

Na Senga. Senga hutukana.
Kila siku tusi jipya, lililosukwa likasukika,
nami huyaandika nyuma ya daftari la sumu,
ukurasa ambao mkaguzi hafiki.

Jumatatu Senga hakuja.
Jumanne hakuja.
Zikitimia siku tatu nisimpe tena:
mwili husahau upesi,
na kipimo cha juzi huweza kuwa sanda ya leo.
Nikapiga simu. Ikaita vile simu huita
katika chumba ambacho hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia.
Nikampigia Dougal wa kituo cha tiba. Lifti mbovu,
ghorofa ya kumi na moja, na Dougal ana goti.
Alipanda na mkoba wake: dawa ya puani,
mkate wa jibini, soksi kavu.

Ngazi zile nazijua.
Kaka yangu Ninian alikaa ya saba,
siku ambazo hapakuwa na kituo, wala Dougal.
Kwetu tulimeza.
Baba alimeza aibu, mama akameza mate,
mimi nikameza jina lake
kila nilipoulizwa tumezaliwa wangapi.
Hakuna aliyesimama mbele yetu na bilauri ya maji
akasema: haya, sasa semeni.

Jumatano, dakika tano kabla ya kufunga,
kengele ya mlango.
Koti la mtu mwingine. Midomo imepasuka.
Nyuma yake Dougal, ameshika fremu ya mlango, anahema.
Nikampigia daktari; akapunguza kipimo.
Nikampimia. Akanywa, mikono miwili, kama mtoto.
Nikampa maji.

Sema neno, Senga.

Kinywa kikafunguka. Hakikutoa kitu.
Taa ya barabarani ikawaka.
Mwanamke aliyekuja kununua dawa ya kikohozi
akajifanya kusoma bei za miswaki.
Kanuni haisemi liwe neno gani.
Haisemi, pia, ningoje muda gani.

Likaja, mwishowe, dogo, la zamani,
tusi la mwaka juzi.
Nikaliandika hivyo hivyo.