Spana

Aprili, tulipokwenda kukikagua chuo, niliuliza mimi:
chakula, ada, makufuli, usiku daktari yuko wapi.
Signe alitazama viatu vyake.
Kijana aliyetutembeza, akienda kinyumenyume,
alinijibu mimi, si yeye.

Leo, Duluth, Agosti inakwisha, upepo wa ziwani umeshapoa.
Ghorofa ya nne. Lifti mbovu.
Orrin amekumbatia friji ndogo kama mtoto mchanga,
jasho linamchuruzika, hasemi neno.
Nimeinua kitanda, nimekaza skrubu nane,
nimetandika, nikachomeka pembe za shuka chini ya godoro
kama alivyonifunza mama.
Mwenzake wa chumba amekuja kwa basi, peke yake,
na begi moja.
Ameshabandika picha zake ukutani. Zimepinda,
nami nimefunga mikono nyuma nisizinyooshe.

"Mama," Signe akasema, "sasa basi."
Kwa sauti ya chini, isiyo na hasira.
Angekuwa na hasira ningejua la kujibu.

Maili arobaini kusini, kwenye kituo cha mafuta,
natafuta sarafu za kahawa, naishika spana mfukoni.
Orrin anaitazama. Anautazama usukani.
"Turudi?"

Ikifika Novemba kitanda kitalegea,
kitalia kila akigeuka.
Atapiga hodi mlango wa pili, aazime,
huenda akapata na rafiki.
Au atalala nacho hivyo hivyo kinalia.

"Washa gari," namwambia.

Na kabla hatujaingia barabara kuu:
"Lakini lile pazia, Orrin, uliliona?"